Mgeni yuko KIA, sisi tunamsubiri mwezi ujao

Jumatatu ya tarehe 8 Julai 2019, saa tatu usiku imeshapita, simu ya dada wa ofisi ya kupandisha wageni mlima, ambayo niliitengenezea tovuti, ilinikuta nyumbani Pasua, Moshi, nikiwa nakula. Hakusalimia. "Kaka, kuna wageni wawili wako KIA, wanasema ni wa kwetu. Nimeangalia daftari, majina yao ninayo, lakini mbona ni wa mwezi wa nane?"

Tulipofika KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mume na mke kutoka Marekani walikuwa wamekaa juu ya mabegi yao nje ya mlango wa kutokea. Abiria wenzao wote walikuwa wameshachukuliwa, na madereva wa teksi walikuwa wamechoka kuwabembeleza. Mume hakupandisha sauti. Alininyooshea simu yake akanionyesha barua pepe iliyotoka kwenye fomu niliyoitengeneza mimi mwenyewe: siku ya kufika, 07/08/2019.

Kwake hiyo ni Julai 8, maana Marekani mwezi hutangulia. Kwetu ni tarehe saba mwezi wa nane, na dada wa ofisini alikuwa ameshaizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu ilikuwa mkesha wa Nane Nane na aliogopa kukosa gari. Nimewaza mara nyingi tangu usiku ule kwamba sikukuu zetu mbili, Saba Saba na Nane Nane, zinasomeka sawasawa uzianzie mbele au nyuma. Wageni wale wangefika siku moja mapema wangeandika 07/07, tungewapokea kwa maua, na ubovu wa fomu yangu ungeendelea kujificha.

Mlima walipanda, tena kwa siku walizopanga. Bosi aliamka alfajiri akawatafutia wagumu (wapagazi wa mlimani), mpishi na kiongozi kwa kupiga simu hadi zikaisha chaji. Lakini mimi sikulala. Nilirudi nyumbani nikaifungua ile fomu.

Kompyuta mpakato yangu ina mfumo endeshi wa Linux Mint, na kivinjari changu ni Firefox. Ukibonyeza kisanduku cha tarehe, kalenda inafunguka, unachagua siku, umemaliza. Kompyuta ya ofisini ilikuwa na Windows 7 na Chrome. Kesho yake nikajaribu, kalenda ikafunguka vilevile. Simu yangu ya Android, kalenda. Na kabla ya kuikabidhi kazi hiyo nilikuwa nimeijaribu mpaka kwenye iPhone ya jirani, lile gurudumu la kuzungusha siku, mwezi na mwaka likajitokeza vizuri kabisa. Kwenye daftari langu la majaribio niliandika: Safari, imepita.

Yule mgeni alijaza fomu kwenye MacBook. Kivinjari ni Safari hiyohiyo, ya kampuni hiyohiyo, ila Safari ya Mac wakati ule haikuwa na kalenda ya fomu hata kidogo. Chrome ilikuwa nayo tangu 2012, Firefox tangu toleo la 57 la Novemba 2017. Safari ya Mac iliipata kwenye toleo la 14.1, Aprili 2021. Kanuni ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, ni kwamba kivinjari kikikutana na aina ya kisanduku ambayo hakiijui, kinaonyesha kisanduku cha kawaida cha maandishi ili mtu asikwame. Ni kanuni nzuri. Mgeni aliona kisanduku kitupu, akaandika tarehe kama alivyofundishwa shuleni kwao.

Fomu yangu ilitegemea tarehe ije mwaka ukiwa mbele, 2019-08-07, ndipo niigeuze iwe 07/08/2019 kwa ajili ya ofisi. Ya mgeni ilikuja tayari ina sura ya mwisho. Msimbo wangu ukaona hakuna cha kugeuza, ukaipitisha bila kuuliza. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimejaribu jina la kivinjari, sikujaribu kivinjari pamoja na mfumo endeshi kilimokaa.

Hilo ndilo ninalotaka lisomwe na kila kijana wa Moshi na Arusha anayetengeneza tovuti za utalii, za hoteli, za shule au za saccos. Hatuna anasa ya mtumiaji wa aina moja. Hebu fuata safari ya fomu moja ya kupanda mlima. Mteja anaijaza Marekani kwenye Mac. Ofisi inaisoma Moshi kwenye Windows ya zamani. Orodha ya wagumu inamfikia kiongozi Marangu kwenye simu ya Android ya bei nafuu. Na anayeitengeneza, yaani mimi, yuko kwenye Linux. Mifumo minne, na karatasi ni ileile. Katika hiyo minne, uliopo mezani kwangu ndio wenye umuhimu mdogo kuliko yote.

Tuzungumze kidogo kuhusu ukoo, maana ukijua nani ndugu ya nani unaokoa siku nyingi za majaribio. Kinachochora ukurasa ndani ya kivinjari ni injini. Watu wa KDE, mradi wa programu huria za Linux, waliandika injini iitwayo KHTML kwa ajili ya kivinjari chao cha Linux, Konqueror. Mwaka 2001 Apple iliichukua ikaikuza ikawa WebKit, na Januari 2003 ikatangaza Safari. Google ilipotoa Chrome mwaka 2008 ilijenga juu ya WebKit hiyohiyo. Wakakaa kihamba kimoja, yaani shamba moja la ukoo, miaka karibu mitano. Aprili 2013 Google ikatangaza kuondoka na mgawo wake, ikauita Blink. Masale, ile mimea ya kuonyesha mipaka, yakapandwa, na tangu hapo kila mmoja analima upande wake. Mwaka huohuo Opera iliiacha injini yake yenyewe, Presto, ikahamia huko kwa Google. Januari 2020 Microsoft ikatoa Edge mpya, nayo juu ya msingi uleule. Brave na kivinjari cha Samsung ni wa nyumba hiyo pia. Nje ya ukoo amebaki Gecko, injini ya Firefox, ambayo asili yake ni Netscape.

Kwa hiyo mtu akiniambia tovuti yake ameijaribu kwenye Chrome, Edge, Opera na Brave, ninamwambia amesalimia ndugu wanne wa nyumba moja. Jaribu Blink, jaribu WebKit, jaribu Gecko. Na mgeni akikuambia kwamba alitumia Chrome kwenye iPhone, jua ndani yake ni WebKit: Apple iliweka sharti hilo kwa vivinjari vyote vya iPhone, na ilipolilegeza Machi 2024 kwa iOS 17.4, ililegeza kwa nchi za Umoja wa Ulaya.

Ukitaka kuuona ukoo huo kwa macho, fungua kumbukumbu za seva yako, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, usome jinsi kila kivinjari kinavyojitambulisha kinapobisha hodi. Chrome hujitaja Mozilla kwanza, kisha AppleWebKit, kisha KHTML, kisha husema anafanana na Gecko, ndipo hutaja Chrome, na humalizia na Safari. Ni kama mtu anayejibu salamu kwa kutaja mababu zake wote na majirani. Kila jina lilibaki pale kwa sababu zamani kulikuwa na tovuti zilizomfungia mlango asiyelitaja. Ndiyo maana siandiki kamwe msimbo unaouliza "wewe ni nani?" Ninauliza "hiki unakiweza?" Kivinjari kinaweza kusema jina lolote, lakini ukikiuliza kama kina kalenda, kitajibu ndiyo au hapana.

Sasa, mtu wa Moshi asiye na Mac anaijaribuje Safari? Safari ya Windows ilikuwepo, lakini ilikoma mwaka 2012 na toleo la 5.1.7. Ukiipata mahali usiitumie kupimia chochote, itakudanganya. Kwenye Linux kuna GNOME Web, ambayo zamani iliitwa Epiphany, na injini yake ni WebKit. Si Safari kamili, lakini ni ndugu wa damu, na makosa mengi ya Safari nimeyakamata humo nikiwa nimekaa kitandani. Moja ninalolikumbuka ni la tarehe tena: niliandika siku na saa vikitenganishwa na nafasi tupu badala ya herufi T, Chrome ikasoma, Firefox ikasoma, WebKit ya wakati ule ikasema hiyo si tarehe. Baada ya hapo kuna mpiga picha mmoja wa Shanty Town ambaye ana MacBook. Mara moja kwa mwezi ninampelekea ndizi za nyumbani, naye ananiachia mashine yake kwa saa mbili. Nina deni kubwa kwake.

Upande wa Marangu ulinifundisha kitu kingine kabisa. Kiongozi wetu mkubwa ni mzee ambaye sote tunamwita Meku, na Meku anatumia Opera Mini. Alinipigia simu msimu ule. "Kijana wangu, hii orodha yako ya wagumu haifunguki. Nagusa jina, linaniletea ukurasa upya. Nagusa tena, linaniletea upya. Bando linaisha, majina siyaoni."

Opera Mini imekuwepo tangu 2005, na siri yake ni kwamba, katika hali ya kubana data kabisa, simu haiendi kwenye tovuti yako. Simu inaiomba seva ya Opera, seva inafungua ukurasa, inaukandamiza, inautuma ukiwa mwepesi kama karatasi. JavaScript yako, yaani msimbo unaoufanya ukurasa uitikie mguso, inaendeshwa huko kwenye seva kwa muda mfupi tu, kisha inazimwa. Mtu akigusa kitu kinachohitaji JavaScript, ombi linarudi tena hadi seva. Menyu yangu nzuri ya kukunja na kukunjua majina ilikuwa inakula bando la Meku kila anapoigusa.

Kuna watengenezaji wangemwambia mzee apakue Chrome. Na mimi nilifungua mdomo nimwambie, nikajizuia. Simu yake ilikuwa na nafasi ndogo, imejaa picha za wageni kileleni, na Opera Mini inampa siku tatu kwa bando ambalo kwingine ni la siku moja. Amechagua vizuri kuliko mimi. Mwenye kazi ya kubadilika alikuwa ukurasa wangu. Niliondoa menyu nikaweka orodha ya kawaida, majina arobaini na mbili yakishuka chini moja baada ya jingine, kila jina na namba ya simu inayogusika. Nilipomtumia alijibu kwa neno moja kwenye WhatsApp: "Yanaonekana."

Na ile kalenda? Niliitoa. Mahali pake niliweka visanduku vitatu vya kuchagua: siku, mwezi, mwaka, na mwezi umeandikwa kwa jina lake. Julai ni Julai. Kisanduku cha kuchagua ni cha zamani mno, hakuna kivinjari hai kisichokijua. Kinafunguka Safari ya Mac, kinafunguka Opera Mini, kinafunguka ndani ya Instagram ambako wageni wengi hubonyeza linki yetu bila kujua kwamba hapo nako wamo ndani ya kivinjari. Hakipendezi kama kalenda. Lakini tangu usiku ule hakuna mgeni wetu aliyekaa juu ya begi.

Kuhusu ofisini nina mengi, kwa sababu ndiko nilikokaa na tatizo kwa muda mrefu zaidi. Ile kompyuta ya Windows 7 iliendelea kufanya kazi kwa sababu programu ya mahesabu ya bosi ilinunuliwa kwa ajili yake na haikubali kuhama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chrome iliifuata: toleo la 109 la Januari 2023 ndilo la mwisho kwake. Firefox ilibaki na toleo la 115 la Julai 2023, ambalo limeongezewa muda wa marekebisho ya usalama zaidi ya mara moja kwa ajili ya mifumo hiyo ya zamani. Nikaweka hilo.

Siku moja dada wa ofisini akanipigia kwamba Firefox "imekufa", kila tovuti inakataa, inasema muunganisho si salama. Nilipofika nikakuta ameshapakua vivinjari vingine viwili na vyote vinakataa. Injini tofauti, na zote zinakataa kwa pamoja. Hapo ndipo niliposhuka kwa macho hadi pembe ya chini kulia ya kioo. Mashine ilikuwa inaishi tarehe 1 Januari 2009.

Kila tovuti salama ina cheti cha utambulisho chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa kompyuta iliyoko 2009, cheti cha mwaka huu hakijazaliwa bado, na kivinjari kinafanya haki kukikataa. Ndani ya kompyuta kuna betri bapa kama sarafu, CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ya kwetu ilikuwa imekufa, na asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika. Nilifungua kasha, vumbi lilikuwa limeganda kwenye feni kama pamba, nikaikwangua betri kwa ncha ya bisibisi, nikaenda nayo mkononi kwa fundi saa wa karibu na mnara wa saa pale mjini. Alikuwa nazo kwenye kopo la kahawa. Dakika ishirini baadaye vivinjari vyote vitatu vilikuwa vimefufuka. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiniambia kivinjari chake kinakataa kila kitu, swali langu la kwanza ni, "Leo ni tarehe ngapi kwenye mashine yako?"

Cheti kina upande wa pili, na huu uliwagusa wagumu wetu mwaka 2024. Simu za Android zilizo chini ya 7.1.1 hutumia orodha ya zamani ya watoa vyeti, na mzizi mpya wa mtoa vyeti wetu, yaani cheti chake kikuu, haumo. Wagumu wenye Android 6 wakafungiwa nje ghafla, ilhali tovuti haijabadilika hata nukta. Kilichowaokoa ni Firefox, kwa sababu hubeba orodha yake yenyewe ya watoa vyeti, haiulizi simu. Hapo nilimwambia mtu abadilishe kivinjari, kwa kuwa nilikuwa na sababu ya kumweleza na sikuwa na njia nyingine.

Ile ya Windows 7 hatimaye tuliiondoa kwenye intaneti kabisa. Inafanya mahesabu tu, na dada hamwagi tena machozi juu yake. Barua pepe na benki zinafunguliwa kwenye mashine nyingine ya mtumba niliyoiwekea Linux Mint. Ushauri huohuo ninawapa wenye maduka wanaoniuliza kuhusu Windows 10, ambayo nayo huduma yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo kwa Intel kwa kawaida zinaanzia kizazi cha nane, na mashine nyingi za mtumba madukani kwetu ni za kabla ya hapo. Mashine si mbovu. Iwekee Linux, weka Firefox, weka na Chromium, ndugu huria wa Chrome, kando yake, itapiga kazi miaka mingine.

Mimi nafanya kazi zangu zote nikianza na Firefox, na sababu ni ya moyoni. Nilijifunza intaneti mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kwenye kafe moja karibu na Mnara wa Saa wa Arusha, kila mashine Internet Explorer 6, kila tovuti imeandikwa chini kwamba inasomeka vizuri kwa Internet Explorer. Toleo hilo lilitoka 2001, na Microsoft, ikiwa imeshawashinda wenzake, haikutoa toleo la 7 mpaka Oktoba 2006. Tulikaa miaka mitano na kivinjari kimoja kilichosimama, na tovuti zetu zikajifunza kasoro zake kana kwamba ndizo kanuni. Nikiona leo tovuti inayosema "tumia Chrome", ninasikia harufu ya kafe ile. Blink ni injini nzuri. Sitaki iwe peke yake.

Wiki hii niko kwenye sehemu ya saa. Meku alijaza muda wa kuondoka getini, saa kumi na mbili asubuhi, na simu yake ikampa saa ya Kizungu; akachagua 12:00, na dereva akaelewa saa sita mchana. Vivinjari vyote vinakubaliana hapo, hakuna hata kimoja kinachohesabu kwa Kiswahili. Nimetoa kisanduku cha saa nikaweka cha kuchagua, kila mstari ukitaja zote mbili: "saa 12 asubuhi, 06:00". Kesho Jumamosi ninapanda daladala kwenda Marangu kumwonyesha kwenye Opera Mini yake, kabla sijaiweka hewani.